Leseni Yake ni Babu Yake

Asubuhi ile kisiwani Chovai, jamaa zangu, nyumba ya Uthman ilikuwa na raha. Mkewe Safiyya alikuwa akikaanga samaki, na binti yao Rawda, mwenye mimba ya kwanza, alimshikia babake simu. Uthman hakujua kusoma. Rawda ndiye aliyekuwa macho yake.

Palitokea tangazo. Kijana wa kanzu nyeupe alisema: "Bima ya matibabu! Mgonjwa wenu akizidiwa, boti ya mashine itamfikisha hospitali Kismayo. Ni mimi Fuadi, mjukuu wa Mahmudi, fundi wa vyombo wa Chovai."

"Mjukuu wa Mahmudi!" Uthman akapiga paja. "Babu yake ndiye aliyeniundia chombo changu, kile nilichokiuza tukienda ukimbizini."

Rawda, aliyekulia ukimbizini Mombasa, alilitazama tangazo juu mpaka chini. "Baba, sioni jina la kampuni wala nambari ya leseni. Wakala wa kweli huviandika, ili mtu apate kuuliza."

"Leseni yake ni babu yake! Sisi mchu, mtu yeyote atujiaye, humuuliza, 'U wa nani?' Akijibu, yatosha. Au Mombasa imekufunza kuwadharau wenu?"

Rawda akambonyezea nambari ya Fuadi. Uthman akatuma pesa siku ileile.

Swali hilo letu la "U wa nani?" mnalijua. Kwa hilo tunaozana, kwa hilo tunaazimana nyavu. Lakini ukoo haubebi bima.

Miezi miwili baadaye Rawda alishikwa na uchungu, damu ikawa haikatiki. Jirani yao Zakir, aliyekuwa anatweka chombo chake kwenda Burgao, alikuja mbio mlangoni.

"Mtieni chomboni mwangu, tumuwahishe Kismayo."

"Nenda zako, Zakir. Sisi tuna boti ya bima," alisema Uthman, tena kwa fahari.

Zakir akaenda zake Burgao. Uthman akapiga simu, akapiga tena. Jua lilikuwa limepinduka Fuadi alipopokea.

"Boti i wapi, mwanangu? Rawda anakufa."

"Boti gani, ami? Kampuni ya bima ilinifukuza mwaka jana."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema mimi mjukuu wa Mahmudi. Uongo?" Akacheka. "Jingine hukuniuliza."

Chombo kingine kilipopatikana, kilipatikana cha kuletea sanda. Rawda alizikwa na mwanawe tumboni.

Siku ya tatu ya matanga Uthman alifungua simu. Tangazo lilikuwa palepale, Fuadi akitabasamu, na watu wakimiminika chini yake kuandika kwamba wanaitaka bima. Mzee alitaka kuwaonya. Alivitazama vidole vyake visivyojua kuandika, akaita, "Rawda!" kabla hajakumbuka. Safiyya akainuka, akamwacha peke yake.

FUNZO

Kabla ya kununua bima mtandaoni, tafuta katika tangazo jina la wakala lililosajiliwa, nambari ya leseni na kampuni inayobeba bima hiyo. Kisha iulize kampuni yenyewe. Anayekuficha hayo usimpe shilingi, hata awe nduguyo. Na asiyejua kusoma amsikilize anayejua, hata awe bintiye, au akajifunze. Kusoma ukubwani si aibu. Aibu ni kaburi lile.