Nafasi ya Kahongya

Alhamisi, jioni.

Chumba cha nyuma ya karakana kilinuka mafuta ya pikipiki. Maliro, mkuu wa genge, alichora duka kwa chaki juu ya meza. Duka la Jumaine, mnunuzi wa dhahabu hapa Butembo. Kila Ijumaa hufunga, huenda msikitini na wanawe wote.

"Elsa njo ataingia," Maliro alisema. "Kahongya, weye utabakia inje na pikipiki. Ukiona banarudia, unamubipa mbio."

"Chef, miye njo naingiaka siku yote."

"Elsa anafungua coffre mbio kukupita. Donc njo vile."

Kahongya alicheka, lakini roho ilimuuma. Kufungua makasha ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiye aliyemfundisha binti huyu. Shukrani ya punda!

Elsa alimshika mkono. "Yaya, weye kaka yangu, maisha yangu iko kwako. Usinisahau kule ndani."

Adabu hiyo ilimuudhi kuliko tusi.

Ijumaa, adhuhuri.

Elsa aliruka ukuta wa nyuma. Kahongya alikaa juu ya pikipiki, simu mkononi. Ng'ambo ya barabara, Maliro alijifanya anachagua mikate.

Ijumaa, swala imekwisha.

Kahongya akawaona. Jumaine mbele, wanawe nyuma, kanzu nyeupe, wakicheka. Namba ya Elsa ilikuwa tayari. Kubonyeza tu.

Hakubonyeza. Wamkamate, aliwaza. Kesho chef atanibembeleza nirudi kazini kwangu. Kumbe mjinga ni yeye!

Mlango wa duka ukafunguliwa. Vishindo. Elsa akapiga ukelele mmoja, ukakatika.

Kahongya akapapasa swichi ya pikipiki. Ufunguo haupo. Genge lilikuwa na kanuni yake: anayeingia ndiye anayebeba ufunguo, dereva asije akamtoroka. Miaka yote ulikaa mfukoni mwa Kahongya. Leo ulikuwa kwa Elsa, na wivu ulimsahaulisha.

Maliro alivuka barabara taratibu.

"Ulimubipa?"

"Chef... réseau ilikosa."

Maliro alitazama simu yake mwenyewe, mtandao umejaa tele, kisha akamtazama Kahongya usoni. Watu walikuwa wanatoka madukani, mawe mikononi. Mtaa huu, anayepiga kelele kwanza hashukiwi.

"Muizi!" Maliro alinguruma, kidole kifuani mwa Kahongya. "Mwenzake njo huyu! Mumukamate!"

"Chef, hapana! Ni miye!"

Jiwe la kwanza alilirusha Maliro.