Jani Ndani ya Chupa ya Nyanya

Jumamosi, saa saba na robo mchana, Nunziata alirudi kutoka kwa jirani yake Carmelina, alikompelekea chupa ya nyanya za kusindika. Alimkuta dada yake Ersilia chini ya meza, anatetemeka mwili mzima, tambi zimemwagika sakafuni.

Jumapili saa tano asubuhi Ersilia alikuwa bado hospitalini, hajitambui. Jikoni kwao alikuwa ameketi Afande Iovine, mkuu wa kituo. Mezani aliweka chupa iliyobaki nusu na boksi la sumu ya konokono lililotoka bandani.

"Sumu hii ndiyo iliyokutwa ndani ya chupa. Nani aliinunua?"

"Mimi, afande," alijibu Nunziata.

Miaka sitini na minne hajagombana hata na karani wa posta, leo anaziona pingu kiunoni mwa afande, na aliogopa, tena aliogopa kweli.

"Na nyanya alizisindika nani?"

"Mimi, Ersilia na Carmelina. Mwezi wa nane, kama kila mwaka."

Kaka yao Gerardo, aliyewasili Alhamisi kutoka Torino, alikuna kidevu. "Mimi simsingizii mtu, afande. Lakini Carmelina na Ersilia hawapikiki chungu kimoja tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba."

"Walipatana zamani! Muache Carmelina, sasa hivi yuko kwake anawapikia wanawe."

"Basi umebaki wewe, dadangu," Gerardo akasema taratibu.

Afande akainuka. "Chukua koti, mama."

Nunziata akashika meza ili ainuke, na hapo ndipo alipoiona vizuri ile chupa. Kwa ndani, jani lilikuwa limegandamana na kioo.

"Afande, hilo ni jani gani?"

"Mrehani. Si mnatia kila chupa?"

"Kila mwaka, isipokuwa mwaka huu. Konokono waliula wote, hawakubakiza hata shina, ndiyo maana nikanunua sumu. Tulisindika bila jani, Carmelina akanuna siku nzima. Aliyekuwepo siku ile asingeweka chupa yenye jani." Akaigusa chupa. "Hii ni ya mwaka jana, na zetu ziliisha Pasaka. Zilizobaki ni zile ulizobeba wewe mwaka jana kwenda Torino, Gerardo."

"Upuuzi mtupu!" Lakini midomo ilikuwa imempauka.

"Ufunguo wa gari," alisema afande.

Kwenye buti, chini ya blanketi, zilikutwa chupa nne, kila moja na jani lake.

Gerardo akaketi kama gunia. "Wenye hoteli wanalitaka shamba letu. Miaka mitatu nawabembeleza mtie sahihi, ninyi nyanya, nyanya, nyanya! Watu wazima mnang'ang'ania nyanya!"

"Kwa hiyo Ersilia afe, mimi nifungwe, shamba libaki lako." Nunziata alimsogelea. "Uliweka ngapi zenye sumu kwenye rafu ya ghalani?"

Gerardo akageuzia uso pembeni.

"Gerardo! Ngapi?"

"Mbili."

Nunziata hakungoja koti wala afande. Ile aliyompelekea Carmelina jana aliitoa ghalani gizani, bila kuitazama.

Alivuka uchochoro mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Jikoni kwa Carmelina watoto watatu walikuwa wameshika uma, sahani zinafuka moshi.

"Karibu, mwenzangu!" Carmelina alicheka, mwiko mkononi. "Kumbe ulinificha! Mrehani ulikuwepo. Hebu ona jani hili."

Nunziata akashika ncha ya kitambaa cha meza kwa mikono miwili, akavuta.