Kioo cha Saa ya Léocadie

Asubuhi ya kwanza Léocadie alidhani ni jasho lake. Kioo cha saa kilikuwa na ukungu, ule mtu anaoupata akihemea dirisha, naye akaufuta kwa upindo wa kitenge. Haukufutika. Ukungu ulikuwa upande wa ndani. Na ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sitini na nne, kiangazi kimekaza, vumbi la mtaa wa Songo linasagika mpaka kwenye meno.

“Rénovat,” alimwita mume wake, “kuja uone. Kioo yako inapumua.”

Rénovat alicheka. Jamani, mwanaume yule alikuwa fundi saa hodari kuliko wote Uvira nzima, lakini kiburi chake kwa kile kioo kilipita kiasi.

Tumwelewe kidogo. Léocadie alikuwa mkunga, na saa ile ndiyo aliyohesabia mapigo ya moyo ya wanawake wenye uchungu. Kioo chake cha kwanza kilipasuka mwezi wa tano, siku waasi walipoingia mjini na watu wakalala kifudifudi mitaroni. Mpaka wa Burundi ulikuwa umefungwa, vioo vya saa havikuja tena. Basi Rénovat akaapa kumtengenezea mke wake kioo ambacho hata tembo akikikanyaga hakivunjiki. Akakata duara kwa kalamu ya almasi, akasugua ukingo kwa mchanga na maji siku tatu, akachora maua ya maharagwe kuzunguka pembeni. Kisha akakipasha juu ya mbabula, jiko lao la makaa, mpaka kikaanza kulegea, akakitumbukiza ndani ya mawese ya moto ili kikaze. Mwisho akajaza maua rangi ya dhahabu. Mbele ya majirani alikiangusha juu ya jiwe mara tatu, kikaruka kama punje ya mahindi kwenye kikaango.

“Kioo kizuri hivi umekitoa wapi, na mji umefungwa?” waliuliza.

“Kwa Mungu,” alisema. Mwongo mkubwa.

Alikitoa kwenye sanduku la maiti. Jirani yao Generose, mjane, alikuwa amekufa kwa pumu mikononi mwa Léocadie mwenyewe. Katika ukoo wa Generose sanduku huwekwa kidirisha cha kioo juu ya uso, ndugu wapate kuaga, na kabla ya udongo kumwagwa mjomba hukivunja kwa jiwe. Wanasema kisipovunjwa, marehemu anaendelea kuona njia ya nyumbani. Siku ya kumzika, jiwe likiwa tayari mkononi mwa mjomba, risasi zilianza na watu wote wakakimbia. Kesho yake alfajiri Rénovat alirudi peke yake kumfukia jirani yake, jambo jema kabisa. Akakiona kioo kizima, kinene, safi, na jiwe limelala pembeni. Moyo wake ukamwambia, mama huyu hakihitaji tena. Akakibandua, akapigilia ubao mahali pake, akafukia.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Unakuja, unaondoka. Léocadie aliacha kutania. Akipanda ngazi mbili za mlango anasimama, mkono kifuani, anavuta hewa kwa mluzi mwembamba. Nyumba ikaanza kunuka majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, yale Generose alikuwa akijifukizia kila asubuhi, na mbabula yao haikuwa na chungu chochote.

“Weye umechemsha nini?” Rénovat alimwuliza mkewe.

“Minye? Bure. Hata moto sijawasha.”

Siku ya tano saa sita mchana, jua likiwa kichwani, Rénovat aliivua saa mkononi mwa mkewe aliyekuwa amelala kwenye mkeka, akaenda nayo mezani, akabana kwenye jicho kile kioo chake cha kukuzia, akainama. Aliona maua yake ya maharagwe, makubwa kama sahani, na katikati ya maua ukungu unapanda polepole, na ndani ya ukungu sehemu mbili zilizokuwa wazi, zimelala moja juu ya nyingine, na alipokuwa bado anajiambia kuwa ni alama ya kidole chake sehemu zile zikaachana kidogo, zikakutana, zikaachana tena kwa nguvu zaidi, midomo, midomo ya mtu aliyebanwa chini anayetafuta hewa, ikahema, na yeye akahisi joto la ile pumzi kwenye kope zake. Nyuma yake mkekani hakukuwa na sauti yoyote. Aligeuka. Uso wa Léocadie ulikuwa umegeuka rangi ya majivu na kifua kimetulia kimya. Akamrukia, akamfunga saa mkononi, na mluzi ule mwembamba ukaanza tena.

Hapo ndipo alipolia. Akamwambia mkewe kila kitu.

“Ya Generose?” Léocadie alinong’ona. “Ile kioo ya sanduku niliyomuagia? Aa, Rénovat. Muntu anaiba kwa maiti?”

“Nilitaka upate saa yako.”

“Najua,” alisema, akamshika shavu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Rénovat alikuwa mlokole, hakuwahi kukanyaga kwa mganga, lakini jioni ile alikuwa mbele ya Mwalimu Mabruki, mzee wa Kiislamu wa mtaa wa Kavimvira aliyejulikana kwa kusomea wenye majini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkemea.

“Kioo cha kuvunjwa kikiachwa kizima ni nyumba yenye mlango wazi,” alisema kwa sauti ya chini. “Jini limeingia na marehemu yumo nalo, na wote wawili wanapumulia kifua cha mke wako. Mpeleke kwenye kaburi la marehemu, na saa yake mkononi. Kivunjie pale, juu ya udongo wa mwenyewe, atashuka kwake. Lakini sikia, fundi. Usikivunjie nyumbani. Atakayetoka atatafuta pa kukaa, na atakaa pa karibu.”

Asubuhi Rénovat alimbeba Léocadie mgongoni kama mtoto. Hakufika mbali. Kwenye barabara ya makaburi waasi walikuwa wameweka kizuizi, na chini zaidi bunduki zilikuwa zinajibizana. “Rudi, mzee!” kijana mwenye majani kichwani alimpigia kelele. “Leo hapa hapiti muntu!” Alipiga magoti, akaomba, akasukumwa kwa kitako cha bunduki. Akarudi.

Saa sita ilipofika mluzi ulikuwa umekuwa uzi, kila pumzi inakuja baada ya Baba Yetu mzima, kucha za Léocadie zimekuwa za buluu, na ukungu chini ya kioo ulikuwa mzito, mweupe, mnene, wa mtu anayekula shibe yake. Rénovat alichukua nyundo. Akaweka mkono wa mkewe juu ya fuawe, akapiga, nyundo ikaruka. Akapiga tena. Kioo kilimcheka. Kazi yake mwenyewe, mawese yake, sifa zake mbele ya majirani, zote zilikuwa zimelala pale juu ya mshipa wa mke wake na hazitaki kuvunjika. Alikumbuka onyo la mzee. Alilikumbuka vizuri sana, nasema hivyo ili mtu asije kumtetea kwamba alisahau. Lakini Léocadie alikuwa amevuta pumzi moja, na nyingine ilikuwa haiji.

Kila fundi anajua kioo kilichokazwa kinaogopa pembeni tu. Alichukua kalamu ya almasi, akakwaruza ukingo.

Kioo kililipuka kikawa chengachenga. Harufu ya mkaratusi ilijaa chumba, ikapita usoni mwake, ikaisha.

Mkekani kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena, kipana, bila mluzi. Rangi ikarudi midomoni. Rénovat alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni.

Mwanamke akajitoa mikononi mwake taratibu, kwa adabu, akavuta kitenge kufunika magoti kama anavyofanya mtu mbele ya mwanaume wa watu. Akatazama chumba.

“Aksanti, jirani,” alisema. “Nilikuwa nimebanwa sana. Na bibi yako, ile aliyenihudumia, iko wapi?”