Anwani ya Sita

"Sindano. Una dakika kumi na moja."

Sauti ya Mkuu wake wa ujasusi ikakatika sikioni.

Sindano alikuwa amepiga magoti chini ya meza, amevaa sare ya fundi wa intaneti. Mdomo wa bastola aina ya Glock ulikuwa umemwelekea kisogoni.

Aliyeishika aliitwa Koti, msafirisha bunduki mwenye roho mbaya kuliko sura yake, na hiyo sura nayo, Mungu amsamehe. Saa nne kamili angewatumia wanunuzi wake majina ya majasusi kumi na wawili. La nne lilikuwa la dada yake Sindano, tumbo moja.

Orodha ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na Koti, kwa kujiona mjanja, aliiwasha saa ya kazi tu. Leo alipoiwasha, haikupata intaneti. Akapiga simu kuita fundi. Simu ikaishia kwa Mkuu.

Koti alifoka kwamba amelipia anwani nane za intaneti, na mashine zake ni tano tu: kompyuta hii na kamera nne. Wezi wakubwa!

Sindano akamweleza taratibu. Modemu hii ni daraja tu, haigawi anwani moja kwa mashine nyingi, kila mashine lazima iwe na yake. Katika nane, tatu zinaliwa na mtandao wenyewe. Zinabaki tano, na moja imeganda.

Hilo la kuganda lilikuwa uongo. Ya tano ilishikwa na kidude cha kumeza anwani, alichochomeka jana nyuma ya kabati mfagizi aliyetumwa na Mkuu.

"Zima kamera moja, bosi. Yoyote."

Koti akanyoosha mkono kwenye waya wa kamera ya stoo. Vijana wa Mkuu walikuwa nje ya geti, na gari lao likionekana tu kwenye kamera ya geti, Koti angetoroka na kompyuta kupitia mlango wa nyuma.

"Sawa," akasema. "Mzigo wa stoo wataulinda walinzi wako."

Mkono ukasita. Koti hakumwamini hata mama yake mzazi, sembuse walinzi.

Akachomoa waya wa geti.

Sindano akakohoa mara mbili, ishara kwa Mkuu, akawasha upya modemu. Kidude cha pili, ndani ya begi lake, kilikuwa kimeshachomekwa. Kikaiwahi anwani iliyoachwa na kamera ya geti.

"Bado haishiki!" Koti akanguruma.

"Subiri kidogo."

Mlango ukapasuka. Koti akageuka. Sindano akamkata kiwiko cha shingo, Glock ikaanguka, na vijana wakamlaza kifudifudi.

"Ulilipia nane," akamwambia, akikusanya waya zake. "Ungeuliza ngapi ni zako."

Nje akatoa simu.

"Dada, umekula?"

"Nimekula. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nimekukumbuka tu."

Dada akacheka, akamwambia aache uvivu, aende kazini.

"Naenda," akasema Sindano, akavuka barabara.