Mfagiaji wa Upande wa Bwawa

Jua lilikuwa linazama dalali wa nyumba alipokatiza bustani ya jiji, mapazia ya mdogo wake kwapani. Kuzunguka ni mbali, na mguu wa dalali hauna subira.

Mitaa iliyoizunguka bustani ile ilisemana kama wake wenza. Wa Mlimani walisema wezi hutoka Sokoni. Wa Sokoni walisema utajiri wa Mlimani ni wa majini. Wakikutana, wote waliusema upande wa Bwawa: huko ndiko kwenye uchawi. Ushahidi? Watu wa huko hawasalimii.

Dalali hakuamini hata moja, ila alijua kila uvumi unapunguza kodi kiasi gani. Mdogo wake alipojifungua akawa hana pa kukaa, akaitamani nyumba ya kona ya Bwawa, yenye geti la bluu. Mwenye nyumba akakaza bei. Basi dalali akatunga lake: machweo, mwanamke hufagia njia ya bustani, na anapoishia kufagia, hutoka jeneza. Alinong'ona saluni na kwa fundi viatu tu. Maneno yakaota miguu. Wapangaji wakakimbia, bei ikaporomoka, mdogo mtu akahamia.

"Dada, wewe shetani!" mdogo wake alicheka siku ile.

"Shetani mwenye funguo," dalali akajibu.

Sasa alikuwa katikati ya bustani. Ndege wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Chwaa...

Akasimama.

Chwaa... chwaa...

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ikampanda puani. Akageuka. Nyuma yake mwanamke alikuwa ameinama, anafagia. Majani makavu hayakutikisika. Kilichofutika ni nyayo za dalali.

"Shikamoo," alisema. Woga una adabu.

Hakuitikiwa.

"Umenipa kazi, mwanangu," sauti ilinong'ona. "Nalala wapi?"

"Mimi... sikujui, mama."

"Mitaa yote inanijua. Na ile ya kona?"

"Ile imeshapata mtu!" Hapo angenyamaza. Lakini mdomo wake, uliozoea kutomwachia mteja aende hivi hivi, ukamtangulia: "Labda chumba cha nyuma..."

Akauziba kwa kiganja.

Njia ilikuwa tupu.

Alikimbia, mapazia akayaacha hukohuko. Geti la bluu lilikuwa wazi. Uwanja umefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka hadi mlangoni.

Mdogo wake alikuwa jikoni, anakatakata vitunguu huku anaimba.

"Dada, mfagiaji wako kafika. Mpole huyo! Kasema anibebee mtoto nipike."

"Yuko wapi?"

"Si chumba cha nyuma? Kasema umempa wewe."

Dalali aliusukuma mlango kwa bega. Mtoto alikuwa kitandani peke yake, macho wazi, kimya, anatazama kona isiyo na mtu. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Alimnyakua. Alikuwa wa baridi kidogo... lakini anapumua.

"Tunahama. Sasa hivi!"

"We dada, umerogwa? Ndiyo kwanza nimehamia!"

Chwaa... nyuma ya ukuta. Chwaa...

Kisu kikaanguka jikoni.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "twende wapi?"

Dalali akafungua mdomo ataje mtaa.

Ufagio ukatulia, kama mtu aliyetega sikio.