Jina Alilolisoma Ukutani

Aliyeanza kumweleza Namalwa habari za kanisa lile la mawe ni Mama Nzula, jirani yake pale Kangemi, mwanamke wa Kikamba aliyekuwa akisuka watu nywele Kenyatta Market. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2004, zamu ya jumuiya yao kusafisha kanisa. Walikuwa wakiteremka na ndoo zao, mtoto akilia mgongoni mwa Namalwa.

"Wafaransa ndio walilijenga, kabla babu zetu hawajavaa viatu," Mama Nzula alisema. "Mawe yalichongwa kwa mkono, yakavutwa na ng'ombe kutoka mtoni. Ule ukuta, ukinyoosha mkono mpaka bega, hujamaliza unene wake. Mvua inyeshe vipi, ndani husikii kitu."

Namalwa aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hizo alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kunyamaza kulimchosha.

Mtoto wake, Ivyne, alikuwa na miezi mitatu. Kwa siku kumi na tisa alikuwa akilia, akinyamaza tu pale usingizi ulipomzidi nguvu. Kliniki walisema ni mzima, lakini mapaja yake yalikuwa yameanza kulegea kama soksi. Kwao Bungoma, mtoto akilia hivyo bila ugonjwa, watu hujua kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Wazee hutaja majina ya wafu moja moja, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Mama mkwe alikuwa ameyataja yote kwa simu, Nanjala, Nekesa, Nabwile, upande wa baba na upande wa mama, hadi salio likaisha. Ivyne alilia tu.

"Huyu amekataa ukoo wenu mzima," Mama Nzula alitania. "Labda anataka jina la Ukambani. Ndunge! Unasikia, Ndunge?"

Mtoto akazidisha.

"Haya, pole. Hata la kwetu halitaki."

Ndani ya kanisa kulikuwa na baridi. Madirisha marefu ya matao yalimwaga rangi nyekundu na buluu juu ya mabenchi. Namalwa alipewa chumba cha ubatizo, chumba kidogo cha duara chini ya mnara wa kengele, chenye beseni la jiwe katikati. Ukutani, kimo cha goti, mawe kumi na moja yalikuwa yamechongwa majina. Hayakuwa na miaka. Hayakuwa na msalaba.

Alipiga magoti, akaanza kuyapangusa. Alikuwa ameishia darasa la nane, lakini alipenda kusoma vizuri, herufi kwa herufi, bila kuruka. Akasoma kwa sauti ya chini.

"An-sel-me. Clo-til-de. O-di-le."

Kilio kikakatika. Hakikufifia. Kilikatika kama uzi.

Namalwa alilirudia lile jina la tatu. Mgongoni, mwili mdogo ukatulia, ukawa mzito. Akaketi kwenye sakafu yenye maji na kulia kwa furaha.

Jioni ile mumewe Sifuna, aliyekuwa akifanya kazi kichinjioni Dagoretti, alistaajabu kuikuta nyumba kimya.

"Huyo Odile ni nani kwenu?" aliuliza alipoelezwa.

"Simjui. Lakini mtoto amemkubali."

"Basi akae. Mimi nataka kulala tu."

Wiki nzima mtoto hakulia. Jumatatu alidungwa sindano, hakulia. Muuguzi alimtazama mara mbili. Alikuwa akinyonya macho wazi, akiukodolea mdomo wa mama yake, kama mtu anayengoja lugha anayoielewa. Na hata baada ya kuoga, nywele zake zilinuka chokaa.

Jumamosi iliyofuata Namalwa alimwomba Mama Nzula ampeleke kanisani akatoe shukrani. Alipofika mlangoni mwa chumba cha ubatizo, maziwa yakaanza kumtoka. Blauzi ikalowa. Hapo ndipo aliposikia.

Mtoto analia.

Kilio kilitoka mbali, ndani ya jiwe. Alikijua. Alikuwa amekisikia siku kumi na tisa.

"Mama Nzula," alinong'ona. "Ivyne yuko humu ukutani."

"Si huyo hapo mgongoni?"

"Ule mlio si wa huyu. Nilisoma majina haya, mtoto akanyamaza. Nilisoma kwa sauti."

Mama Nzula aliutua mkoba wake polepole.

"Uuuwi. Nani alikwambia usome? Hawa walikuwa watoto wachanga. Ndui ilipita huku mnara ukimaliziwa. Mapadri waliwabatiza wakikata roho, wakawapa majina ya huko Ufaransa. Majina ya kwao hakuna aliyeyaandika." Alimeza mate. "Mtoto ambaye hakuwahi kuitwa na mama yake, akiitwa na yeyote anakuja."

"Na wangu?"

Mama Nzula aliutazama ukuta.

Namalwa aliweka mdomo kwenye jiwe la Odile. "Ivyne! Ivyne, mama yuko hapa!" Kilio kikapanda. Akaita tena. Akataja Nanjala. Akataja Nekesa. Akataja jina lake mwenyewe. Ukuta ulilia tu.

Kisha mkono mdogo ukapita begani kutoka nyuma, ukamshika shingo. Ulikuwa baridi. Ulikaza. Mtoto wa miezi mitatu hashiki hivyo.

Usiku huo Namalwa alimficha Sifuna yote.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, Namalwa aliingia kanisani. Alimlaza yule aliye kimya kwenye benchi la karibu na mlango wa chumba cha ubatizo. Akapiga magoti. Akafungua vifungo, akaliegemeza titi kwenye jiwe la tatu.

Kilio kikakoma.

"Namalwa! Unafanya nini?" Mama Nzula alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani kimekaa upande.

"Polepole, mama. Ananyonya."

Mama Nzula aliinama kutafuta maziwa sakafuni. Hapakuwa na hata tone. Akaugusa ukuta, ulikuwa baridi. Akaligusa lile jiwe. Lilikuwa na joto, kama utosi wa mtoto.

Kule kwenye benchi, yule mwingine alikuwa amegeuza shingo, akiwatazama.

Namalwa hakumwangalia. Baada ya muda, alibadilisha titi.