Msiba wa Waayalandi

Jioni ile Felisia alikwenda duka moja la Wachina katika soko la Zhanxi kujaribu CD zake za filamu kabla hazijafungwa kwenye maboksi. Kazi ndogo tu, lakini ukipeleka Moshi filamu zinazogoma, wateja watakurudishia zote huku wakikusema. Ilikuwa mwaka 1998, na mzigo ulitakiwa kuwahi Krismasi.

Kwa ajili ya mzigo huo alikuwa amemdanganya kaka yake, Nikodemu. Mama yao alifariki Jumatatu. Jumanne Felisia akapiga simu kusema ndege zimejaa. Uongo mtupu, nafasi zilikuwepo. Leo Alhamisi walikuwa wanamzika bila yeye.

Laoban, mwenye duka, akatia CD ya kwanza kwenye deki. Ilikuwa filamu fupi ya zamani, isiyo na rangi, ya vichekesho na nyimbo. Waayalandi walikuwa msibani, wanapiga fidla na kucheza kuzunguka jeneza lililo wazi. Mara marehemu akaketi, akadai pombe yake. Laoban akacheka. Felisia naye akacheka, halafu akajionea haya.

Fidla ikanyamaza.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani... Kwenye skrini marehemu alikuwa bado ameketi, kawapa mgongo Felisia na Laoban. Sasa alikuwa mwanamke, amefungwa kilemba cheupe. Akageuza kichwa taratibu, akiwatazama waombolezaji mmoja mmoja.

"Felisia yuko wapi?"

Aliuliza kwa Kichaga. Sauti ya mama yake.

"Ndege zimejaa," Waayalandi wakajibu kwa pamoja, wakaangua kicheko.

"Laoban, zima," Felisia akanong'ona.

"Nzuri, dada. Chekesha sana," alisema Laoban, bado anacheka. Yeye alikuwa akimwona yule marehemu mlevi tu.

Felisia alitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha simu. Nikodemu akapokea, huku nyuma yake watu wakiimba pambio.

"Huku bado mchana, tunazika saa nane," akasema. "Lakini tumefungua jeneza watu waage, macho yake yamefunguka. Yanatazama mlangoni. Shangazi kayafumba mara tatu..."

Felisia akaanza kulia.

"Kaka, ndege hazikujaa. Nilibaki kwa ajili ya mzigo. Nisamehe."

Pambio likafifia, Nikodemu akijitenga na watu.

"Tunajua," akasema kwa sauti ya chini. "Mama alituambia jana usiku."